Nyuma ya Zuchu Kuna Ukumbi wa Taarab

Ukimsikia Zuchu kwenye daladala utasema huyu ni wa Bongo Fleva, na hutakuwa umekosea. Sasa msikilize tena usiku kwa hedifoni, nyumba ikiwa imetulia, na usubiri afike mwisho wa mstari. Msanii mwingine hapo angekata, biti ikaendelea. Yeye mara nyingi silabi ya mwisho haiachii hivihivi. Huivuta, akaizungusha kooni mara mbili tatu, kisha akaishusha taratibu kama mtu anayetua ndoo ya maji bila kumwaga tone.

Mzunguko ule hakupewa na prodyuza. Una umri mkubwa kuliko yeye.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa kumhusu, na karibu yote huanza Aprili 2020, alipotambulishwa rasmi na lebo ya WCB Wasafi. Ukianzia hapo, hadithi inakuwa ya bahati: binti kaonekana, kapewa kipaza sauti na Diamond Platnumz, mwenye lebo hiyo, kesho yake ni nyota. Naona hadithi hiyo inaanzia katikati, na inawafanya watu washindwe kuelewa mambo mawili: kwa nini alipanda haraka vile, na kwa nini miaka minne baadaye alifungiwa kutumbuiza kwao alikozaliwa. Yote mawili yana mzizi mmoja, na mzizi huo ni taarab.

Jina lake ni Zuhura Othman Soud. Alizaliwa Zanzibar tarehe 22 Novemba 1993, na mama yake ni Khadija Omar Kopa. Kwa aliyekua enzi za kaseti, jina hilo linatosha. Kwa aliyekua na simu mkononi, inabidi nieleze kidogo.

Zanzibar ina vikundi vikubwa viwili vya taarab ya asili. Kimoja ni Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, ambacho wenyeji hukiita tu Malindi. Kingine ni Culture Musical Club. Taarab yao ni ya kukaa: fidla, udi, ganuni, nai, kodiani, wasikilizaji wametulia vitini, mwimbaji amesimama wima na mikono imetulia, hisia zote ziko kooni. Khadija Kopa alipitia Culture. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ilipoingia vyama vingi, kikundi cha Tanzania One Theatre, yaani TOT, kikaibuka Dar es Salaam chini ya Kapteni John Komba, na Khadija akavuka bahari kwenda kuimba huko. Upande wa pili walikuwapo Muungano Cultural Troupe na mwimbaji wao Nasma Khamis, maarufu kama Kidogo.

Hapo ndipo taarab ilipobadilika. Kinanda cha umeme na gitaa vikachukua nafasi ya ganuni, watu wakatoka vitini wakacheza, na maneno yakaanza kulenga shabaha. TOT wakitoa wimbo, Muungano wanajibu. Khadija akirusha, Nasma anarudisha. Mashabiki wa Dar walijua vizuri kila wimbo unamjibu nani. Mtindo huo ukaitwa mipasho, na baadaye rusha roho. Nyumba ya Khadija Kopa ilikuwa kiwanda hasa cha biashara hiyo. Mwanawe mwingine, Omar Kopa, naye alikuwa nyota wa taarab ya kisasa hadi alipofariki mwaka 2007. Zuchu kalelewa humo. Watoto wengine waliisikia taarab redioni. Yeye aliisikia jikoni.

Niingie kwenye jambo ambalo waandishi wengi wa muziki hulipita: tuzo. Siyo tuzo za kuvaa suti na kushukuru menejimenti. Nasema tuzo ya ukumbini, ile noti.

Nilikuwa msichana mdogo shangazi aliponichukua kwenye sherehe ya harusi mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, ya wanawake watupu. Nilikaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya wakubwa. Harufu ilikuwa ya udi na asumini, na joto la watu. Mwimbaji anaimba, ukumbi unazungumza, wala hakuna anayejali sana. Mara ukaja mstari mmoja. Shangazi aliacha kuongea katikati ya neno. Akainuka, akaitengeneza khanga yake, akatoa noti kifuani na kuanza kutembea kuelekea mbele, polepole mno, bega moja likipanda jingine likishuka, na noti ameinua juu ili kila mtu aione. Wala hakumtazama mwimbaji. Alimtazama mwanamke mmoja aliyeketi safu ya tatu, tena bila kupepesa. Alipofika mbele akaiweka noti mkononi mwa mwimbaji, naye akaurudia mstari uleule kwa nguvu zaidi. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Yule wa safu ya tatu akainamisha kichwa, akawa anarekebisha bangili zake.

Sikuelewa ugomvi wao ulikuwa wa nini, na mpaka leo sijauliza. Nilichokielewa ni kwamba shangazi hakusema hata neno moja. Wimbo ulimsemea, na yeye aliununua mstari kwa noti moja.

Hiyo ndiyo shule. Mtunzi wa taarab anajua kwamba mstari wake utanunuliwa na mtu asiyemjua, kwa ugomvi asioujua. Kwa hiyo anautunga uwe na uwazi wa kutosha kumwingia kila mwenye donge, na ufiche wa kutosha ili asiwepo wa kushtakiwa. Tunaita fumbo. Na fumbo lina umbo. Wimbo wa taarab ya asili kwa kawaida hujengwa kwa beti za mistari mitatu, kila mstari mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Nimetunga ubeti huu wa mfano tu:

Nilikupa moyo wangu, ukauweka rehani,
Ukatangaza kwa wangu, eti sinayo thamani,
Taa ingali ya kwangu, nawe u mumo gizani.

Hesabu silabi, zitatimia. Sasa tazama namna ubeti unavyofanya kazi: mistari miwili ya kwanza inaeleza kisa, wa tatu unapasua. Aliyeachwa ataupenda, na aliyedhulumiwa mirathi anaweza kuusimamia vilevile, maana taa na giza havikutajiwa mwenyewe.

Bongo Fleva haibebi ubeti mzima wa namna hii. Wimbo wa simu unapewa sekunde chache kumshika msikilizaji kabla hajapitisha kidole. Kazi aliyoifanya Zuchu, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi katika uandishi wake, ni kuuchukua ule mstari wa tatu peke yake na kuufanya kiitikio. Angalia baadhi ya majina ya nyimbo zake tu. Litawachoma. Mwambieni. Hujanizidi. Haya ni maneno ya khanga! Ungeweza kuyachapa chini ya khanga, ukaiuza sokoni Darajani, na mnunuzi asiyewahi kusikia wimbo wowote angejua ni ya kumvalia nani. Jina la khanga na kiitikio cha taarab siku zote vilikuwa ndugu. Huyu binti amewaongezea ndugu wa tatu, nao ni ujumbe mfupi wa mtandaoni ambao watu hunakili chini ya picha zao. Zamani mstari ulinunuliwa kwa noti. Siku hizi unanunuliwa kwa kuuweka kwenye hadhi ya WhatsApp, na mlengwa ataona.

Hata picha zake za mapenzi zina ukoo. Sukari, wimbo wa Januari 2021 uliomfikisha kila pembe ya Afrika Mashariki, unamfananisha mpenzi na kitu cha kuonjwa. Baadaye kukaja Chapati, na Honey, yaani asali. Kuna waliosema ni utoto. Ila ushairi wa Kiswahili umekuwa ukila mahaba kwa karne nyingi, kuanzia embe na tende hadi halua.

Sasa turudi kwenye bahati.

Mwaka 2015 Zuchu alishiriki mashindano ya kuimba ya Tecno Own the Stage huko Lagos, Nigeria. Alitambulishwa na Wasafi Aprili 2020. Katikati kuna miaka mitano, na miaka hiyo mitano haina wimbo unaoukumbuka wewe wala mimi. Kwa binti wa miaka ishirini na kitu, huo ni muda mrefu mno wa kukaa bila jina, hasa ukiwa na mama ambaye jina lake linafungua mlango wowote wa ukumbi. Angeweza kuingia taarab kesho yake akawa Kopa mdogo, na ukumbi ungemtuza kwa heshima ya mzazi. Alingoja.

Alipotoka, alitoka na EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo saba, I Am Zuchu. Wimbo mmoja kati ya hizo, Mauzauza, kaimba na mama yake. Huo ndio wimbo ninaowashauri wanaotaka kuelewa hoja yangu, kwa sababu humo unazisikia sauti mbili za ukoo mmoja zikipokezana. Ya mama ni nzito, imeiva, inakuja na ukumbi wake mzima nyuma. Ya binti ni nyembamba na ina sukari, imekatwa kwa kipimo cha kipaza sauti cha studio, ambacho hakihitaji mtu apaze kufikia safu ya nyuma. Lakini pale kwenye mwisho wa mstari, wote wawili wanafanya mzunguko uleule.

Wakati nao ulimsaidia kwa njia ya ajabu. Machi 2020 shule zilikuwa zimefungwa na mikusanyiko imezuiwa kwa sababu ya korona. Hakuna harusi, hakuna ukumbi, watu wako nyumbani na simu. Ndani ya wiki moja chaneli yake ya YouTube ilipata wafuasi 100,000, jambo ambalo msanii wa kike wa Afrika Mashariki hakuwahi kulifanya kwa kasi hiyo. Mwaka huohuo akapata tuzo ya msanii chipukizi ya AFRIMMA, tuzo za muziki wa Afrika.

Kuhusu lebo, watu hubishana sana na mara nyingi kwa hasira, kwa hiyo tuweke mambo sawa. Lebo kama Wasafi humpa msanii mchanga vitu ambavyo peke yake asingevimudu: studio, video, mavazi, nauli, na kikubwa kuliko vyote, masikio ya watu. Wasafi ina redio na televisheni yake na matamasha yake. Wimbo ukitoka asubuhi, jioni umeshapigwa. Kwa malipo ya hayo, lebo hurudisha gharama zake kutoka kwenye mapato ya msanii na kugawana naye yanayobaki kwa miaka ya mkataba, na mara nyingi hushika haki za rekodi zenyewe. Msanii akitaka kutoka kabla ya wakati, anajinunua. Harmonize, aliyeondoka Wasafi mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Rayvanny naye alitoka mwaka 2022.

Linganisha na enzi za mama. TOT na Muungano nao walikuwa wamiliki: vyombo vyao, jukwaa lao, basi lao. Lakini mwimbaji wa taarab aliweza kuhama kikundi, na vikundi vilinyang'anyana waimbaji waziwazi kama timu za mpira. Tena alikuwa na mapato ambayo hayakupita kwa bosi kwanza, yaani ile noti mkononi. Ilikuwa kidogo, ilikuwa haina uhakika, lakini ilikuwa yake na ilifika papo hapo. Leo "noti" ya msikilizaji ni kubofya. Inapita kwenye kampuni ya mtandao, inapita kwa msambazaji, inapita kwa lebo, ndipo imfikie aliyeimba. Nadhani mtu akiielewa safari hii ya noti, ataacha kuuliza kwa nini msanii mwenye mamilioni ya watazamaji analalamika fedha.

Neno Afropop lenyewe lisitusumbue sana. Ni neno la sokoni, kibandiko cha rafu. Mnaijeria, Mghana, Mkongo na Mtanzania wote huwekwa humo, na wenyewe wakikutana hujua wazi kila mmoja kaja na mzigo gani. Zuchu ameimba na Joeboy na Adekunle Gold wa Nigeria, na Innoss'B wa Kongo amemshirikisha kwenye wimbo wake Nani, toleo la remix. Mwishoni mwa 2024 ametoa albamu yake, Peace and Money. Na mahusiano yake na Diamond yamezungumzwa kuliko nyimbo zote hizi zikijumlishwa, kwa hiyo hapa nitayaacha yapumzike.

Sasa Kendwa.

Februari 2024 Zuchu alitumbuiza kwenye tamasha la usiku Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ufukwe wa hoteli na watalii. Video zikasambaa. Machi, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar, BASSFU, likamfungia kujihusisha na shughuli za sanaa visiwani kwa miezi sita, kwa madai kwamba maneno na uchezaji wake jukwaani vilikiuka mila, silka na utamaduni wa Mzanzibari. Halikuwa gumzo la kwanza. Mwaka 2022 video ya Mtasubiri, aliyoimba na Diamond, ilizuiwa kurushwa Tanzania kwa sababu ya sehemu iliyoigizwa kanisani. Lakini la Kendwa liliuma zaidi, maana hukumu ilitoka nyumbani.

Mjadala ukagawanyika mara moja. Wengine: amejivunjia heshima, kamsahau hata mama yake. Wengine: Zanzibar imeziba masikio, hawa ndio wanawake walioimba makubwa zaidi ya hayo. Nikiwasikiliza niliona pande zote zinasema kweli nusu.

Ni kweli wanawake wa Unguja wameimba makubwa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa somo, yaani mwalimu, wa unyago aliyeheshimiwa, na maneno ya unyago hayafichi kitu chochote cha chumbani. Ngoma za wanawake ndani ya harusi, uchezaji wa kiuno, nyimbo za kumfundisha bibi harusi, hayo yote ni ya Kizanzibari kama karafuu. Anayesema ni mambo ya kuletwa na watalii hajawahi kukaa kwenye mkeka ule niliokaa mimi.

Ila mkeka ule ulikuwa na mlango. Ulifungwa. Wanaume hawakuwepo, wageni hawakuwepo, na kilichosemwa kilibaki ndani pamoja na harufu ya udi. Mila ya pwani haikumkataza mwanamke kusema; ilimjengea chumba cha kusemea. Nje ya chumba, mwanamke yuleyule alisema kwa fumbo. Ukumbi wa ndani ulikuwa na lugha yake na ukumbi wa nje ulikuwa na yake, na mwimbaji mzuri alikuwa anajua amesimama upi.

Simu imeutoa mlango ule na bawaba zake. Jukwaa la Kendwa lilikuwa ufukweni, mbele ya watu waliolipa kiingilio wakijua wanaenda kuona nini. Dakika kumi baadaye lilikuwa sebuleni kwa mzee wa Makunduchi, na kwenye simu ya mwanafunzi wa madrasa. Zuchu alitumia lugha ya ndani mahali ambapo siku hizi hapana ndani. Baraza nalo likahukumu kana kwamba mlango bado upo na yeye ndiye aliyeuacha wazi kwa makusudi. Kwa maoni yangu adhabu ya miezi sita ilikuwa nzito kupita kosa, na ilimwangukia mtu mmoja kwa jambo ambalo limetupata sote. Dada zangu nao wanarekodi ngoma za harusi siku hizi, wanazituma kwenye kundi la familia, na asubuhi zimefika Muscat kwa jamaa ambao bibi harusi hajawahi kuwaona.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, sauti ya mwanamke wa Unguja ilitoka nje ya ukumbi kwa mara ya kwanza ikaenda ilikotaka. Zuchu yuko kwenye mstari huohuo, isipokuwa sasa sauti inatoka na mwili pamoja, na vyote vinafika kabla ya mwenyewe kushuka jukwaani.

Mwaka jana tulimwozesha binti wa shangazi. Hakukuwa na kikundi, palikuwa na DJ na spika mbili. Alianza na taarab za zamani, wakubwa wakatikisa vichwa. Kisha akaweka Zuchu. Shangazi, ambaye magoti yanamsumbua na hapendi kelele za vijana, alikuwa anakula biriani. Ukafika mstari fulani. Akaweka kijiko chini, akajifuta mikono, akamnyooshea mjukuu mkono amsaidie kuinuka. Mwimbaji hayupo, hapakuwa na wa kumpa noti, lakini alitembea hadi mbele hivyo hivyo, polepole, bega moja juu na jingine chini, akaiweka noti juu ya spika.

Nikageuka haraka kutazama safu ya tatu.